Mwenye Gari Ndiye Dereva

Mimi ni mmoja wa watu waliozitaka zile kamera, na heri niliseme hilo mwenyewe kabla hajatokea mtu wa Magongo akanisemea. Nilizitaka kwa moyo wangu wote. Nimeendesha gari la shule kwa miaka mingi, basi dogo la manjano linalochukua watoto wa Jomvu Kuu na Mikindani na kuwapeleka shule moja ya binafsi pale Magongo. Katika miaka hiyo yote hakuna kilichonichosha kama mkono wa askari wa barabarani ukiwa umelala kwenye dirisha langu. Gari lina bima, lina mikanda, lina kizima moto, watoto wameketi kwa adabu, na bado mkono uko pale. "Dereva, leo hujatusalimia." Watoto wote kimya, wananitazama. Mimi ninayewakaripia kila asubuhi wafunge mikanda ndiye ninayekunja noti ndani ya leseni mbele ya macho yao.

Kwa hiyo serikali iliposimamisha milingoti kwenye barabara kuu na kutundika kamera juu yake, nilifurahi. Wenzangu madereva walilalamika pale kwa kinyozi, nami nikawabishia mmoja mmoja. Niliwaambia mashine haili. Mashine haina mke, haina karo, haina mkubwa wa kupelekewa fungu jioni. Umekosa, umekosa, hukukosa, enda zako. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa, na siku hizi nikipita pale kinyozi hujifanya anatafuta mkasi ili asinicheke usoni.

Kulikuwa na kiburi ndani yake pia, sitaficha. Leseni yangu ilikuwa safi tangu nilipoipata. Sijawahi kusimama mbele ya hakimu, sijawahi kugonga hata kuku. Kila mwaka shule hutaka karatasi ya rekodi ya kila dereva, na kila mwaka mwalimu mkuu alikuwa akiinua yangu juu katika mkutano wa wazazi. Nilidhani kamera zimeletwa kwa ajili ya watu wengine.

Ujumbe ulikuja Jumatatu, saa tisa alasiri, nikiwa nimeegesha nje ya lango la shule nikingoja kengele. Simu ilitetemeka mara tatu mfululizo. Wa kwanza ulisema nimepita taa nyekundu. Wa pili, nimezidi mwendo. Wa tatu, nimebeba abiria nyuma ya gari la mizigo. Namba ya gari haikuwa ya basi la shule bali ya pikapu yangu, gari langu kuukuu la mizigo ninalolitumia siku za mapumziko kubeba makuti na saruji za watu. Makosa matatu, asubuhi moja, dakika chache baina ya moja na jingine. Na chini ya kila ujumbe, maneno yale yale: mwenye gari ndiye dereva, isipokuwa athibitishe vinginevyo.

Nilijua maana yake papo hapo. Kwa sheria hii mpya makosa matatu kwa mpigo yanasimamisha leseni, na dereva wa watoto ambaye leseni yake imesimamishwa si dereva tena. Nilitaka kucheka kwanza. Nikasema kuna mjinga amechonga namba kama yangu. Kisha nikaitazama tarehe, nikaitazama tena, na kengele ya shule ikalia huku mimi nimekaa nimeshika simu. Ilikuwa ni siku tuliyomzika mamangu.

Mamangu alifia Kisauni, kwa dada yangu, baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa ameusia azikwe Jomvu Kuu, ubavuni mwa babangu. Kutoka Kisauni hadi Jomvu Kuu ni kuvuka daraja, kukatiza kisiwa chote, kupita Makupa na Changamwe, na wote wanaoijua barabara ile wanajua kwamba malori ya bandari hayana haraka na yeyote. Dada yangu alinishika bega, akaniambia, "Tusimkawishe, kakangu. Mama ataka kuwa kwake kabla ya adhuhuri."

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mtaani kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Kwetu mfiwa haendeshi gari. Ukifiwa, watu wanakupokonya kila kitu kilicho mkononi mwako. Sufuria unapokonywa, simu unapokonywa, ufunguo unapokonywa, unaachiwa maiti wako tu. Na pikapu yangu ndiyo imekuwa gari la maziko la mtaa tangu nilipoinunua. Imebeba wazee, imebeba watoto, imebeba watu ambao nilikuwa hata sijui majina ya baba zao. Msiba ukitokea, mtu huja kuchukua ufunguo, huenda zake, na jioni huurudisha na gari limeoshwa. Sijawahi kuuliza nani aliendesha. Kuuliza ni utovu wa adabu; ni kama kumuuliza mtu amekula tonge ngapi matangani.

Siku ile aliyechukua ufunguo ni jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Ni mtu wa Rabai, Mkristo, dereva wa malori ya makontena. Alifika na pikapu Kisauni kabla ya ndugu zangu wengine. Hakunipa pole nyingi. Aliyakagua magurudumu, akatandika mkeka nyuma, akasaidia kulipandisha jeneza, kisha akaniambia, "Kaka, wewe kaa na mama. Barabara niachie mimi."

Nikakaa na mama. Tulikuwa wanaume watano nyuma, wawili kila upande na mmoja miguuni, tumelishika jeneza na shuka yake ya kijani isipeperuke. Jirani aliwasha taa zote za gari na kushika njia. Tulipofika njia panda moja upande wa Changamwe taa zilikuwa nyekundu. Palikuwa na askari. Aliona jeneza, akapuliza filimbi, akayasimamisha malori ya pande zote mbili, akavua kofia yake na kutupungia tupite. Tukapita. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilijuta, nikiwa pale nyuma, kwa mengi niliyowahi kuyasema juu ya askari. Baada ya hapo jirani akakanyaga mafuta, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na kaburi lilikuwa wazi na watu wanangoja. Tulifika. Tulimzika kabla ya adhuhuri, kama alivyotaka.

Hayo ndiyo makosa yangu matatu.

Jumanne, nilipomaliza zamu ya asubuhi, nilikwenda saiba, duka la intaneti pale Magongo, kwa binti anayetujazia fomu za serikali sisi tusio na subira. Tukafungua ukurasa wa malalamiko. Sababu za kupinga zilikuwa nne, unachagua moja: gari limeibwa, gari limeuzwa, namba imeghushiwa, aliyeendesha ni mtu mwingine.

"Maziko yako wapi?" nikamuuliza.

Binti akashusha ukurasa, akaupandisha. "Hayako, baba."

"Askari aliyeturuhusu?"

"Hayuko pia."

Nikamwambia achague hiyo ya nne. Pakatokea visanduku vitatu: jina kamili la dereva, namba ya kitambulisho chake, namba ya leseni yake. Nikamwambia aviache vitupu, aandike mahali popote penye nafasi kwamba tulikuwa tumebeba maiti na askari alitupitisha. Akaandika. Akabonyeza. Ukurasa ukawa mwekundu, ukamrudisha kwenye jina la dereva. Akajaribu mara nne, maskini, hata mimi nikamwonea huruma. Niliwahi kubishana na askari wengi katika maisha yangu, na hata aliye mkaidi kuliko wote angalau alinisikiliza kabla ya kunikatalia.

"Kuna picha," binti akasema. "Nifungue?"

Akafungua. Kwetu jeneza halipigwi picha, na siku ile hakuna aliyetoa simu. Lakini serikali ilikuwa imempiga mamangu. Picha ilipigwa kwa mbele, kutoka juu, na ilikuwa safi kupita kiasi. Kioo cha mbele kilimetameta jua, dereva haonekani. Nyuma tunaonekana sote. Mashine ilikuwa imechora kiunzi chekundu kuzunguka kila abiria, na kando yake ikaandika idadi: sita. Nikahesabu. Tulikuwa watano. Nikahesabu tena kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, ndipo nikaona kiunzi cha sita kimezunguka shuka ya kijani. Walimhesabu mamangu. Walimhesabu kama abiria aliyekaa vibaya.

Nilitoka mle dukani bila kulipa, ikabidi binti anifuate barabarani. Aliponifikia aliona uso wangu, akasema, "Basi, baba, utanilipa siku nyingine," na akarudi. Nilimlipa siku ya pili yake, na nikaomba anitolee nakala ya picha ile. Sijui niliitakia nini.

Niliipigia simu namba iliyokuwa kwenye ujumbe. Nikachezewa muziki mpaka salio likaisha. Nikapiga tena, sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole kwamba malalamiko yote yafanyike mtandaoni. Nikamweleza kwamba mtandao umenikataa. Akaniambia basi niende ofisini. Ofisi ipi? Akasema iliyo karibu nami, kisha akakata. Hasira niliyokuwa nayo siku ile nilimmalizia mke wangu kwa sababu ya chumvi ya mboga, na mboga yenyewe haikuwa na kosa.

Jumatano mwalimu mkuu aliniita. Ni mama wa bara, mwenye haki, hajawahi kunikosea. Karatasi ya rekodi ilikuwa mbele yake. Akasema, "Mzee, mimi nakujua. Lakini mzazi akiuliza, siwezi kumwonyesha moyo wako. Lazima nimwonyeshe karatasi." Alinipa hadi Ijumaa niisafishe. Akaongeza kwamba shule haiwezi kukaa miezi bila dereva ikingoja leseni yangu ifunguliwe, na alilisema hilo akitazama dirishani. Nilimuelewa. Mimi mwenyewe nisingempa mtoto wangu dereva mwenye makosa matatu asubuhi moja.

Jioni ile, kabla ya magharibi, jirani alikuja barazani kwangu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Kwa kinyozi hakuna siri. Hakukaa.

"Nimesikia," akasema. "Nitaje."

"Nikutaje kwani umeiba?"

"Kaka, usifanye mzaha. Jina langu, kitambulisho changu, leseni yangu, yote nimeandika." Akanipa kipande cha karatasi kilichochanwa katika daftari la shule la mwanawe.

"Na kampuni yenu je?"

"Watasema watakalosema."

"Watakunyang'anya lori."

"Mimi ndiye niliyeshika usukani. Wewe ulikuwa nyuma unalia."

Nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mtu aliyenizikia mamangu. Nilimwambia aondoke na karatasi yake, kwamba mimi si mtu wa kumpeleka jirani serikalini kwa sababu ya maziko, kwamba nikifanya hivyo leo, kesho mwenye msiba mtaani atajiendeshea mwenyewe maiti wake kwa sababu hakuna atakayethubutu kushika ufunguo. Maneno mazuri. Lakini sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira kwa sababu tangu jana yake pale saiba nilikuwa nimeshamtaja kichwani mwangu mara nyingi. Nilikuwa nimeshapanga na namna ya kumwomba radhi. Na sasa alikuwa amenirahisishia kazi, amekuja nayo imeandikwa kwa mkono wake.

Aliiweka karatasi juu ya baraza, akaikandamiza kwa kokoto isipeperuke, akaenda zake. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, akasema, "Mwenyewe ameridhia. Wakataa nini?" Alipoingia ndani niliichukua ile karatasi, nikaitia mfukoni.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikaenda ofisini. Dirisha la kwanza lilinipeleka la tatu. La tatu likaniambia nianze la kwanza. Nikasema ndiko nilikotoka, mwanamke wa pale akaniambia basi nikae, mtandao umelala. Watu tulikuwa wengi kwenye mabenchi, wote na simu zetu mikononi, wote tukiwa na maelezo ambayo hayamo katika zile sababu nne. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami aliuza gari lake zamani kwa shemeji yake na bado anapokea makosa ya shemeji. Alikuwa amekuja mara tano. Alinieleza hayo bila hasira yoyote, na kutokuwa kwake na hasira ndiko kulikonitia hofu.

Hatimaye nikaitwa kwa kijana mmoja kutoka bara, mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia marahaba, na kidogo nikapata matumaini. Nikamweleza yote tangu Kisauni. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Kisha akafungua picha yangu kwenye kompyuta yake.

"Pole sana kwa mama, mzee," akasema. "Lakini huyo askari mimi simwoni hapa."

"Alikuwa upande huu," nikamwonyesha, kidole changu kikiwa nje ya kompyuta, hewani, kando ya meza yake.

"Kwa picha hayuko." Akasogeza kiti. "Sasa skiza, mzee wangu. Mimi nataka nikusaidie. Hii mambo ni rahisi. Huyu wa hapa nyuma, mwenye kofia, si ni wewe? Ukisema ni wewe, basi hukuwa kwa usukani, nakutoa saa hii hii. Nipatie tu jina ya dereva na kitambulisho."

"Na nikisema ni mimi, lakini dereva simtaji?"

"Hapo utakuwa unaficha dereva. Hiyo ni kesi ingine. Na huyo dereva tutampata tu. Tutaita hawa wengine wote, tuwaulize."

Alisema hivyo bila kutisha, kama mtu anayekueleza njia. Nikaushika mfuko wangu. Karatasi ilikuwa mle, na yote aliyoyataka yalikuwa yameandikwa, tena kwa herufi kubwa ili mtu asikosee. Sitasema kwamba sikuitoa kwa sababu mimi ni mtu mwema. Niliitoa nusu. Nilikiona kichwa cha jina lake. Nikaona ule mwandiko wake, mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara, ameiminya kalamu mpaka karatasi imevimba upande wa pili. Nikairudisha.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," nikasema.

Kijana akanitazama. Akaitazama picha, akaikuza, akaikuza tena, mpaka yule mwenye kofia akaenea kwenye kompyuta nzima. Akaigeuza nione.

"Mzee, huyu anafanana na wewe."

Nilimtazama. Sikuwa nimepata kujiona siku ile. Kofia imepinda, ndevu zimelowa, mdomo uko wazi kidogo, na mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka ya kijani, umekandamiza, kwa sababu pale njia panda gari linakata kona na niliogopa asije akatikisika.

"Mzee, jua nikishaandika hakuna kurudi nyuma. Leseni inabaki hapa. Huyu ni nani?"

"Simjui," nikasema.

"Humjui kabisa?"

"Simjui. Labda ni mtu wa Kisauni aliyekuja mazikoni."

Akavuta pumzi, akaandika. Alipomaliza, mashine ikatoa karatasi, akaniwekea kidole mahali pa kutia sahihi. Nikaisoma kabla ya kuitia, kwa sababu mimi husoma ninachotia sahihi. Ilisema kwamba asubuhi ile nilikuwa mbele kwenye usukani, na kwamba wale wanaume waliokuwa nyuma pamoja na marehemu sikumtambua hata mmoja. Nikatia sahihi. Kijana akanyoosha mkono, nami nikampa leseni.